Kwa Mtani Uliyebaki Nyuma na Mume Wangu Kitulo

Mtani wangu Osmundi,

Kamwene.

Mwaka jana mwezi Mei nilipoteza watu wawili ndani ya siku tatu. Jumanne alfajiri nilimpoteza mume wangu Zakaria, baba yake Neema. Alhamisi saa nane mchana nikakupoteza wewe. Kwa yule wa kwanza nilipewa pole mpaka nikachoka kuzipokea. Walikuja watu wa jumuiya, watu wa kwaya, madereva wa malori ya mbao, hata mama wa kuuza mboga pale Kihesa ambaye tulikuwa hatusalimiani. Kwa ajili yako hakuna aliyenipa pole hata moja. Wote wanajua nilikufukuza mwenyewe, na mtu hapewi pole kwa kitu alichokitupa kwa mkono wake.

Naandika hapa, mbele ya macho ya kila mtu, kwa sababu njia za faragha nimezimaliza. Nimekupigia simu mara thelathini na moja. Unanijua, nimehesabu. Mara ishirini na sita iliita mpaka ikakata. Mara tano alipokea mkeo akasema, "Dada, yuko shamba." Na katika mara hizo tano, moja nilisikia kikohozi chako nyuma yake. Shamba gani hilo lililoingia sebuleni? Basi nimeona nikutafute gazetini, maana najua ukilishika hulitui mpaka umemaliza matangazo ya vifo na ya viwanja.

Kwa wasomaji wasiotujua, niseme kidogo. Mimi na marehemu ni Wahehe wa Iringa. Osmundi ni Mngoni, kwao Songea, ila amekaa Uyole, Mbeya, tangu ujana. Babu zetu walipigana, na vita vilipokwisha kilichobaki kati yetu ni utani. Mtani ana ruhusa ambayo ndugu wa damu hana. Anakutukana mbele ya wakwe zako nawe unacheka. Ukifiwa, anavaa kofia ya marehemu, anaigiza alivyotembea na alivyokohoa, anaingia kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chochote, na wafiwa wanapata mahali pa kupumulia. Mtani hanuni, na mtani hafukuzwi. Ukimkosea anakutoza faini, kuku au mbuzi, mnamla pamoja, yamekwisha.

Hivyo ndivyo tulivyofundishwa wote watatu. Sasa soma, Osmundi, uone nani kati yetu amevunja zaidi.

Nakumbuka mlivyojuana wewe na Zakaria, maana alinisimulia jioni hiyohiyo huku akicheka peke yake, na yeye hakuwa mtu wa kucheka. Aliingiza lori la mbao gereji kwenu Uyole, breki zinalia. Wewe ukachungulia chini ya tairi, ukauliza kabila. Alipokutajia ukaleta ule utani wa Wahehe kula mbwa, ukasema, "Gari la Mhehe lina haja gani ya breki? Likigonga mbwa si ndiyo kitoweo?" Yeye akakujibu bila kushuka kwenye kiti, "Tengeneza upesi, maana nyie mnajulikana kwa kukimbia kazi haijaisha." Ukamtengenezea breki, mkala pamoja, na toka hapo hakupita Uyole bila kusimama, hata siku ambazo lori lilikuwa zima kabisa.

Miaka ilikwenda. Halafu ikaja presha. Daktari akamwambia Zakaria kwamba miaka ishirini na sita ya kukaa nyuma ya usukani inatosha kumuua mtu, atembee. Alitembea Kihesa siku tatu akaacha. Kila alipopita watu walimuuliza, "Vipi, gari limeharibika?" Ulipomsikia analalamika ndipo ukasema, "Twende Kitulo. Kule utatembea na hakuna mtu wa kukuuliza habari za gari."

Majirani walitucheka. Mama mmoja alinisimamisha njiani: "Mnaenda kupanda mlima usio na shamba lenu wala kaburi la ndugu yenu? Mnakwenda kufanya nini huko?" Mimi nilianza na cherehani moja ya kuazima kwenye baraza la mtu Mlandege. Leo nina cherehani tisa na mafundi wanane, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kufunga mlango siku tatu mfululizo isipokuwa kwa kuzaa na kwa kuzika. Kwenda kutazama maua niliona ni kazi ya wazungu na ya watoto wa shule. Lakini mume wangu alikuwa ameambiwa atembee. Nikachukua turubai la lori lililochakaa, nikakata, nikashona mabegi matatu ya mgongoni, kila moja na mfuko wa ndani wa kuweka kitambulisho na dawa. Wewe, ambaye kwa utani huniita mke wako, ulipopewa lako uliligeuzageuza ukasema, "Mke wangu, hili nimeshonewa mimi au amepimwa punda?"

Miaka tisa, Osmundi. Kila Februari, maua yakiwa yamefunguka. Sisi tulipanda basi Iringa, wewe ulitoka Mbeya, tukakutana Chimala. Kutoka pale gari linapanda kwenda Matamba kwa ile barabara ya kona ambayo watu wote wanaiita Hamsini na Saba. Safari ya kwanza mimi nilihesabu. Nilipata hamsini na nne. Nikasema barabara imepewa jina la uongo. Dereva akakasirika, akasema mama huyu anahesabu akiwa amefumba macho kwa woga. Wewe ukamaliza kesi: "Kona tatu zimeliwa na Wahehe." Gari zima lilicheka mpaka yule mama aliyebeba kifaranga kwenye kikapu akakiachia kikatoka.

Usiku wa kwanza tulilala Matamba, baridi ikitupenya mpaka kwenye meno. Asubuhi tukafika uwandani. Nilikuwa nimetegemea mlima kama milima mingine, wenye miti na vichaka. Nikakuta nyasi, mwinuko juu ya mwinuko, na maua katikati ya nyasi mpaka macho yanachoka: meupe, ya njano, ya zambarau, mengine madogo kama kifungo cha shati la mtoto. Watu wa kule wanapaita Bustani ya Mungu. Nilihesabu aina kumi na nne za okidi kabla ya saa sita, na mwongozaji akasema bado sijaanza. Zakaria alisimama na mikono nyuma. Akasema, "Kumbe barabara nimeipita miaka yote hii, na hiki kilikuwa hapa juu." Basi. Kwa kawaida yake hayo yalikuwa maneno ya siku nzima.

Unamkumbuka yule tohe? Mwaka wa tatu, au wa nne. Alitoka kwenye nyasi hatua thelathini mbele yetu, akatutazama mmoja mmoja kama anayetafuta mdeni wake, halafu akapiga mbinja na kuondoka kwa madaha. Sikujua kama swala anaweza kupiga mbinja. Wewe ukanong'ona, "Anawaambia wenzake: ondokeni, kuna Mhehe, ameshamaliza mbwa." Zakaria alicheka akakaa chini, na mwongozaji akatuonya kwamba kwa kelele hizi hatutaona mnyama mwingine. Hatukuona. Ila wale ndege wa buluu wenye mkia mrefu, mbayuwayu wa kule, walikuwa wanapita chini chini juu ya majani kama wanapiga pasi, na tuliwatazama mpaka ukungu ukawafunika.

Kila mtu alikuwa na kazi yake. Wewe ulisema, mimi nilihesabu, yeye alitembea. Nilijua kutoka kwenye geti mpaka kwenye mto wa kwanza ni hatua elfu mbili mia tatu na kitu, kutegemea matope. Nilijua wapi tunakunywa maji na wapi tunakula viazi. Mliniita Mama Ratiba. Sikujali. Mtu aliyejijenga mwenyewe anajua kwamba saa ikikupita haikurudii.

Sasa nakuja kwenye Februari ya mwaka jana.

Tulitoka kwenye geti saa mbili asubuhi. Nilitaka tufike kwenye mgongo wa mlima saa tano, kabla ya ukungu. Kabla ya kuondoka nilimfunga Zakaria viatu. Nilikuwa namfunga mimi miaka yote, kwa sababu mgongo wake ulikuwa umekaukia kwenye kiti cha lori na tumbo nalo lilikuwa linamzuia kuinama. Nilimfunga fundo langu la kifundi, la kukaza mara mbili, lile ambalo ukilifunga kwenye mzigo wa sare mia unaweza kuuburuta mpaka Makambako bila kulegea. Kumbuka fundo hilo, Osmundi.

Mara ya kwanza alisimama akasema, "Tangulieni, nafunga kamba ya kiatu." Mara ya pili hivyohivyo. Mara ya tatu nikageuka nikamwambia, "Kiatu gani hicho? Tuko nyuma dakika kumi na mbili." Mara ya nne tulikuwa kwenye lile jiwe pana chini ya mteremko wa mwisho. Akakaa. Nikaanza kurudi, nikiwa nimekereka. Wewe ukanizuia kwa mkono: "Nenda, mke wangu, nenda na mwongozaji. Niachie huyu. Akibaki peke yake ataanza kutafuta mbwa." Nikacheka. Nikaenda.

Nilicheka, nikaenda, nikawaacha.

Juu nilingoja dakika arobaini. Nilikuwa na saa mkononi, sikosei. Nilitengeneza maneno ya kuwasema ninyi wawili, nikayapanga kwa mfululizo. Mlipotokea wewe ulikuwa umebeba mabegi mawili. Midomo ya Zakaria ilikuwa imebadilika rangi, na mimi nikasema baridi. Nilisema baridi! Nikamvua kofia nikamvalisha yangu ya sufu. Wewe ukaanza, "Mtani, mwanamke huyu kifuani ana saa, hana moyo." Yeye akasema, "Mwache. Saa hiyo ndiyo iliyotufikisha." Tukala viazi. Tukapiga picha. Kwenye picha ile wewe peke yako hucheki, na mimi nimeitazama miezi kadhaa nikidhani jua lilikuwa machoni mwako.

Wiki kumi na moja baadaye alikuwa amekufa. Alikuwa anakunywa uji, akaweka kikombe chini vizuri kabisa, kwenye sahani yake, akaegama.

Tulimzika kijijini kwao, ng'ambo ya Tosamaganga. Ulifika Alhamisi na basi la asubuhi, na nilipoona begi lako la turubai likipita kati ya watu ndipo nilipolia kilio cha kweli, maana nilijua sasa msiba umekamilika, mtani amekuja. Ulifanya kazi yako. Uliingia kaburini ukasema udongo huu ni mzuri, unautaka wewe, Mhehe alazwe kando ya barabara apate kusikiliza malori. Ulivaa kofia yake. Ulishika fimbo. Uliigiza alivyokuwa akiteremka kwenye lori kwa nyuma, kama mtoto anayeshuka kitandani. Mama mkwe wangu, ana miaka themanini na mbili, alicheka akajifuta macho kwa kanga. Hata mimi. Hata Neema, ambaye alikuwa hajafungua mdomo tangu Jumanne.

Halafu ulipiga hatua tano. Ukasimama. Ukaingiza kiganja cha kulia chini ya koti, upande wa kushoto, ukakikandamiza hapo. Ukakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ukasema kwa sauti yake, sauti yake hasa, "Tangulieni. Nafunga kamba ya kiatu."

Watu walicheka. Mimi mwili wangu ulisikia kabla kichwa hakijasikia. Kile kiganja, Osmundi. Miaka thelathini na mbili ya ndoa, sijawahi kumwona akikiweka pale. Ulikuwa unaigiza kitu ambacho mke wake hakukijua.

Nikapiga kelele, "Toka! Toka kwenye msiba wangu!"

Mama mkwe akasema, "We mama, mtani hafukuzwi!" Mzee mmoja akataka kunishika bega. Nikarudia. Ukaivua kofia, ukaiweka juu ya ndoo, ukachukua begi lako. Nilikutazama mgongo mpaka ulipopita kwenye mikaratusi kuelekea barabarani, na hapakuwa na mtu aliyekusindikiza.

Nakubali kosa langu, naliandika wazi: nilimfukuza mtani msibani, jambo ambalo kwetu halina jina kwa sababu halifanywi. Nilikubali mapema. Mwezi Julai nilikutumia jogoo kwa basi, yule mwekundu mwenye upanga mkubwa kichwani, amefungwa vizuri, ana maji yake na mahindi yake ya njiani. Ndiyo faini. Mkeo akasema, "Amefika, dada, asante." Nikangoja. Nilijua utapiga simu useme jogoo wa Mhehe mbona amekonda, au mbwa wa kumsindikiza mmemla njiani. Nilikuwa nimeshaandaa majibu matatu. Ningekukaribisha, ungekuja, tungemla jogoo mwingine, tungelia vizuri kama watu. Hukupiga. Yule jogoo ulimlaje, Osmundi? Faini hailiwi peke yako. Ulitafuna ukameza, koo likakubali?

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri kwa utaratibu, kama ninavyofikiri kitambaa kikipungua kwenye meza ya kukatia. Kama ungekuwa na hasira, ungekuja kunitoza faini ya pili, kubwa zaidi, mbuzi na dumu la ulanzi, pombe yetu ya mianzi, na kunitukana juu yake. Mtani mwenye hasira anakuja. Asiyekuja ana kitu kingine. Ana aibu, au ana mzigo.

Januari mwaka huu nikatoa mabegi ili niyafue, maana nilikuwa nimeamua Februari niende, hata peke yangu. Kwenye begi la Zakaria nikaona mfuko wa ndani umeshonwa mdomo. Si mshono wangu. Ulikuwa mshono mpana, wa sindano ya gunia, wa mtu anayeziba turubai kando ya barabara. Nikaufumua. Ndani kulikuwa na kadi ya kliniki ya moyo, ya hospitali moja huko Mbeya. Imegongwa mihuri ya siku tatu: Oktoba, Desemba, Januari. Zote kabla ya safari yetu ya mwisho. Zote ni siku ambazo aliniaga kwamba anapeleka mbao. Na pale penye nafasi ya ndugu wa karibu limeandikwa jina lako, namba yako ya simu, na neno moja: ndugu.

Mimi ninayejua idadi ya vifungo kwenye droo yangu sikuwemo kwenye kadi ya mume wangu.

Sitaficha kwamba nilikuchukia wiki mbili. Halafu nikaenda Kitulo.

Getini mwongozaji, dada mmoja anaitwa Tumpe, akafungua daftari akauliza, "Mko wangapi, mama?" Nikasema, "Tuko..." nikasimama hapo. Akaniangalia. Nikasema, "Mmoja." Akaandika moja, akaniuliza kama kuna wengine wanakuja nyuma. Nikamwambia hakuna. Nilikuwa nimepika viazi vya watu watatu, mkono ulipika wenyewe. Tulipokula nilimpa vya kwako, vya Zakaria nikarudi navyo.

Hapakuwa na mtu wa kusema. Tumpe ni mtu mzuri, anajua majina ya maua kwa Kilatini na kwa Kinyakyusa, lakini ni mtu wa kazi, haingilii moyo wa mtu. Nilihesabu hatua mpaka mtoni kisha nikagundua kwamba idadi ninayo na hakuna wa kuipinga. Wewe ungesema nimepunjwa. Tohe alipiga mbinja mbali, upande wa chini, na sisi wawili tukageuka kimya, tukaendelea. Ndiyo hivyo. Mlima ni uleule, ndege ni walewale, maua hayajapungua hata moja kwa ajili ya msiba wetu, na mimi nilipita katikati yake kama mtu aliyeingia harusi asiyoalikwa.

Tulipofika kwenye lile jiwe pana nikamwambia Tumpe atangulie. Nikakaa alipokaa Zakaria. Nilitaka tu kupumzika. Kumbe mtu akikaa pale anaona njia yote ya mwisho, kuanzia miguuni pake mpaka kwenye mgongo wa mlima. Hakuna mti, hakuna kona. Nikamtazama Tumpe akipanda. Nilitazama saa. Ilimchukua dakika kumi na moja kupotea upande wa pili, na yeye ni kijana. Mimi mwaka jana, pamoja na hasira zangu, nilichukua si chini ya kumi na tano.

Kwa hiyo alinitazama mgongo dakika kumi na tano. Alikuwa anajua. Wewe ulikuwa karibu naye, ulikuwa unajua. Mimi peke yangu nilikuwa napanda kwa haraka, na begi langu la turubai, nikiwa na mpango wa kuwasema.

Dakika kumi na tano ni nyingi. Mtu anaweza kusema mengi. Na katika zile arobaini nilizongoja juu, nikitoa kumi na tano za kupanda kwenu, bado zilibaki ishirini na tano.

Ninajua nyote wawili mngejitetea vipi. Mngesema, tungekuambia ungemfungia ndani. Kweli kabisa. Ningechoma vile viatu. Ningemhesabia vidonge, ningemlisha mchicha bila chumvi mpaka akanichukia, na asingeuona tena mlima. Nimelifikiria hilo kwa haki, na siwezi kuapa kwamba alikosea kunificha. Kama ni yeye aliyeamua, nitamkasirikia mume wangu aliyeko kaburini, na hiyo ni hasira ya mke, nitaimaliza mwenyewe. Kama ni wewe uliyemshauri, nitakuja Uyole nikuseme mbele ya wanao, halafu tutakaa tule. Yote mawili nayaweza.

Kuna la tatu ambalo siliwezi, na ndilo limenitoa usingizini tangu nishuke Kitulo. Huenda kwenye zile dakika ishirini na tano alikupa maneno ya kuniletea. Huenda ulikuja msibani ukiwa nayo, na kwa kuwa ninyi watani hamjui kusema jambo zito bila kulivalisha kofia, ukaanza kwa kuigiza. Kile kiganja kifuani kilikuwa mwanzo wa habari. Na mimi nikakutoa kabla hujafika katikati.

Kama ni hivyo, Osmundi, miezi kumi yote umekaa na mali yangu. Si faini, si zawadi, si kitu cha kunihurumia nacho. Ni maneno ya mume wangu, na mimi ndiye mwenyewe. Unaogopa yataniumiza? Nimezika. Nimelala upande mmoja wa kitanda majira manne. Nimesimama getini nikasema mmoja. Hakuna neno ulilonalo litakalozidi hapo. Na kama huna neno lolote, kama mlikaa pale jiweni mkitukanana tu mpaka pumzi ikamrudia, basi niambie hivyohivyo, na nitashukuru kwamba alicheka.

Sihitaji hadithi ndefu, hizo tutazimaliza baadaye ukitaka. Sihitaji umtume mkeo. Sihitaji uanze na mbwa. Nataka jambo moja, kwa mdomo wako au kwa mkono wako: alikutuma kwangu, au hakukutuma? Ndiyo au hapana. Jumamosi hii nitakuwa kiwandani kwangu Mlandege tangu asubuhi, mafundi nimewapa ruhusa, simu nimeichaji, mlango uko wazi. Nakupa mpaka saa sita mchana. Ikifika saa sita kimya, napanda basi la saa saba kuja Uyole, na nitakuuliza swali hilohilo nikiwa nimesimama mlangoni kwako.

Alikutuma, au hakukutuma?

Mtani wako,
mjane wa Zakaria,
Mama Neema